Mchungaji Amekuwa Mkwe Wetu

Jumatano, 7 Juni 1911

Salamu nyingi sana. Mimi sijui kuingia kwenye karatasi ila kwa mlango huu wa salamu, maana Bibi Velten, mke wa Mchungaji, alitufundisha wanawake kuandika kwa njia ya barua, na barua zangu zote huenda kwa mwanangu Humala kwenye shule ya walimu. Hii haiendi kwa mtu. Basi najisalimia mwenyewe! Namsalimu Mama mkwe, aliyelala karibu na meko, mwili umechoka lakini ulimi mzima. Namsalimu Raja, mkuu wa kijiji, Baba Humala, mume wangu, aliyeamka na hasira za jana na bado hajazimaliza. Namsalimu binti yangu Lamria na kichanga chake kinachoota meno. Namsalimu shemeji yangu Baba Pordi, ndugu yake Raja, anayekula kwetu kuliko anavyokula kwake. Na nyati wetu chini ya sakafu, na nguruwe, na yule jogoo mwizi. Wote wazima. Humala peke yake hayupo, naye nimemsalimu moyoni mara mbili.

Sasa habari. Mama mkwe anakwenda. Naijua miguu ile, imevimba mpaka vifundo havionekani. Wali hataki, anataka maji ya mchele tu. Leo ametuita, Raja na mimi, akasema: siku yangu ikifika nataka ngoma. Wimbo mmoja. Ule wa mtu aliyeona wajukuu.

Mimi ndiye niliyesema — Mama, si ulibatizwa wewe?

Akanitazama hivi. "Nilibatizwa kichwa," akasema. "Maji hayakufika miguuni."

Nilicheka mpaka nikamwaga chumvi. Kisha nikaogopa. Ngoma zetu zimekatazwa. Mchungaji Velten anasema zinaita mizimu. Kontrolir, mkubwa wa serikali ya Kiholanzi kule Balige, anasema Mchungaji akikubali naye atakubali, akikataa ataleta askari. Na tena, nyumba ya Mkristo ikipiga ngoma, watu wake wanaondolewa kwenye meza ya Bwana, na mtoto wa nyumba hiyo hapewi darasa la kufundisha. Humala wangu amebakiza mwaka huu tu! Mwalimu wa kwanza kutoka kijiji chetu! Kile kikohozi chake pia sijui kama kimekwisha.

Lakini Mungu ni mkubwa. Itapatikana njia. Mimi huwa napata njia.

Alhamisi, 8 Juni

Mchungaji amekuja kumwombea Mama mkwe. Mrefu yule, anainama mlangoni na bado anajigonga. Kila mara! Amesali vizuri, kwa lugha yetu, bila kukosea. Mama mkwe akaitikia amina kwa sauti kuliko sisi wote.

Halafu Raja akamshika huko nje. Nilikuwa natwanga, nikasikia yote.

Raja akaomba kwa adabu kwanza. Wimbo mmoja, Bwana Mchungaji. Mchungaji akasema: mimi sikatazi mti wala ngozi, nakataza kinachoitwa kwa mti na ngozi. Raja akasema kengele yako nayo inaita kila Jumapili, kuna aliyewahi kuiuliza inamwita nani? Hapo sauti zikapanda. Raja akasema kiwanja cha kanisa nilitoa mimi, wazee walipotaka kukuchomea kibanda nilisimama mlangoni mimi. Mchungaji akasema anajua, na hasahau, lakini hawezi kumlipa Raja kwa kitu kisicho chake.

Hilo neno lilimwingia Raja. Nilimwona. Ndiyo maana akazidi kukasirika.

"Mholanzi amenipa kofia," akasema. "Wewe umenipa nyimbo. Jina langu alinipa mama. Nitapiga ngoma, na aje atakayekuja!"

Mchungaji akaondoka bila kunywa kahawa. Baba Pordi akainywa.

Nikamwambia Raja: na Humala? Akanijibu: Humala ni mjukuu wake. Hilo si jibu. Nimelala vibaya, lakini nimelala.

Jumamosi, 10 Juni

Mama mkwe leo kapata nguvu za ghafla. Akanituma: niletee ile nguo ya sandukuni, na kesho nataka samaki mkubwa, mzima, asiyekatwa, aliyepikwa kwa manjano na pilipili. Nikauliza wa nini, akasema wa binti yangu.

Nikadhani akili imeanza kuhama. Binti yake wa pekee alifariki hata mimi sijaolewa.

"Yule mweupe," akasema. "Mwite."

Nikakaa chini palepale. Nilimwelewa! Mwaka juzi, wakati wa mvua, Bibi Velten alizika kitoto chake, cha kiume, hakikumaliza hata wiki. Mchungaji alikuwa safarini. Mama mkwe alikwenda kwa mguu, mzee vile, akamfunika yule mama kwa nguo yake mwenyewe, akalala naye kitanda kimoja kama mzazi na mwanawe. Tangu siku ile Bibi Velten hamwiti Bibi. Anamwita Mama.

Sasa anataka kumfanya binti kweli, kwa nguo na samaki, mbele za watu. Na akiwa binti wa nyumba hii, basi mumewe ni mkwe wa nyumba hii. Na mkwe — kwetu kila mtu anajua mkwe ni nani! Kaka zangu wakija hapa, ni Raja mwenyewe anayeinuka kitini, kwa sababu alioa kwao. Aliyeoa kwetu naye hivyohivyo: kwenye shughuli zetu ndiye wa kuni, wa maji, wa kugawa nyama. Ombi la wakweze hakatai hivihivi. Na ngoma haianzi mpaka mume wa binti apeleke sahani ya mchele kwa wapigaji.

Nikamsogelea sikioni. Mama, nikamuuliza, hii ni mapenzi au ni ndoana?

Akafumba macho. "Mwanangu, kwani wewe humpendi samaki unayemvua?"

Jumapili, 11 Juni

Nitaandika kirefu, maana leo!

Asubuhi kabla ya ibada nilikwenda mwenyewe kwa Bibi Velten. Sikutaka aingie gizani. Nikamwambia: Bibi, ile nguo si zawadi. Ukiipokea, wewe ni dada yake Raja, na mumeo atabeba kuni zetu.

Alikuwa anafunga nywele. Akaendelea kufunga. Akasema: Mama Humala, miaka yote hii nimekaa hapa, unafikiri sijui? Nikamuuliza, na Mchungaji utamwambia? Akasema nitamwambia. Lini? Akasema: akishakula.

Nilishika ukuta kwa kicheko. Kumbe Wajerumani nao wanatania hivi! Lakini macho yake yalikuwa na maji. Akasema: kule kwetu mama yangu alifariki sikumwona. Huyu sitamkosa.

Basi mchana tukakusanyika. Mama mkwe tulimkalisha, mgongo nikamwegemezea gunia. Bibi Velten akapiga magoti mbele yake. Mama mkwe akamzungushia nguo mabegani, mimi nikashika ncha moja. Akamwambia kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: nilikuwa na binti, akaniacha. Leo amerudi, amebadilika rangi njiani, lakini ni yeye. Ukilia, lia kwetu. Ukiumwa, umwa kwetu. Raja ni kaka yako.

Wanawake wote tukalia. Lamria kalia, kichanga chake nacho kikalia, jogoo mwizi akaona tumelegea akaingia kwenye mchele.

Samaki akaliwa. Bibi Velten akala, kichwani kwanza, kama inavyotakiwa. Na hapo ndipo Mchungaji akatokea, katoka kuhubiri kijiji cha ng'ambo, ana njaa, vumbi mpaka kope. Akagonga kichwa mlangoni. Akaona watu, akafurahi — maskini, alifikiri tunamfariji mgonjwa! Lamria akamwekea sahani. Akala. Akala vizuri, akalamba vidole, akasifu pilipili.

Baba Pordi akamngoja amalize ubavu wote. Kisha akauliza, taratibu kabisa: "Umeshiba, Shemeji?"

Mchungaji akasema nimeshiba, ahsante. Kisha mkono ukasimama. Akamtazama Baba Pordi. Akamtazama mkewe na ile nguo. Akatazama mwiba wa samaki.

Mkewe akasema neno moja la Kijerumani. Fupi.

Mchungaji akaweka mwiba chini, polepole, kama mtu anayeweka yai.

Jumatatu, 12 Juni

Mchungaji kaja asubuhi na mapema, uso mwekundu. Akasema: Raja, mmenitega.

Nikamtazama Raja. Ule mshipa wa shingoni ulisimama, nikajua sasa atanguruma. Hakunguruma! Hawezi! Wazee walituachia neno: aliyekuolea binti usimtumie ukali, mbembeleze kama moto wa asubuhi. Mama mkwe kamfunga Mchungaji kwa nguo, lakini kamfunga na Raja kwa nguo ileile. Samaki wawili kwa ndoana moja, naye kalala zake anajifanya kukoroma.

Raja akameza mate. "Shemeji," akasema, na neno lilimtoka kama jino, "keti. Mama Humala, kahawa. Weka sukari, shemeji yangu anapenda sukari."

Mchungaji akakaa. Nafikiri kilichomkalisha ni mshangao. Akasema yeye ni mtumishi wa Mungu, hawezi kuwa mtumishi wa ngoma. Raja akasema hakuna aliyekuomba ngoma leo, shemeji, nimekuomba unywe kahawa. Mchungaji akasema dada yenu — akajikwaa hapo, akarudi nyuma, akasema mke wangu. Akasema mke wangu analala na ile nguo.

Raja akasema usiku kuna baridi.

Wakacheka wote wawili! Kidogo, kila mmoja upande wake. Lakini nilisikia.

Alipokuwa anatoka aliinama mlangoni mapema, hakujigonga. Nimeichukua kuwa ishara njema.

Jumanne, 13 Juni

Mama mkwe ametuacha, alfajiri. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu na mwingine kwa Bibi Velten.

Siwezi leo.

Jumatano, 14 Juni

Watu wanaingia toka kila upande. Mchele, nguruwe, nyati mmoja. Mazishi Jumamosi, ili walio mbali wafike. Nimempelekea Humala mtu.

Wapiga ngoma nao wamekuja, hakuna aliyewaita rasmi. Wamezipandisha ngoma kwenye kibaraza cha juu, wamezifunika kwa mikeka, wameketi kando yake wakitafuna tambuu. Mkubwa wao kasema sisi tumekuja kuomboleza tu, hizi ngoma zilitufuata.

Bibi Velten yuko jikoni kwetu tangu jana. Namwambia pumzika, anasema binti hapumziki. Vitunguu anamenya kwa unene, nusu inakwenda kwa nguruwe, lakini nani atamsema.

Kontrolir kaleta neno: anamngoja Mchungaji. Raja anamngoja Mchungaji. Hata mimi namngoja. Naye anasali. Taa ya chumba chake naiona toka hapa.

Ijumaa, 16 Juni

Humala amefika! Amekonda. Kikohozi kimekwisha, nimemsikiliza kifua mwenyewe. Amekula sahani mbili, ya tatu nimemlazimisha.

Kaniletea na jiwe la moyo. Mkuu wa shule amemwambia: nenda ukamzike bibi yako. Ngoma ikilia nyumbani kwenu, kurudi kwako kutategemea atakachoniandikia Mchungaji Velten. Basi kila kitu kiko kwa mtu mmoja, yule mrefu.

Nikamwambia mwanangu: nitamwomba baba yako aiache. Nitapiga magoti.

Akaniambia: "Mama, usipige. Bibi alinibeba mgongoni mpaka nikawa mzito kuliko yeye. Nikifukuzwa nitalima."

"Utalima!" nikamwambia. "Na mikono hiyo? Mpini utakukimbia!"

Akacheka. Nilitaka acheke. Lakini Mungu wangu, huyu mtoto alizaliwa kufundisha. Akiwa mdogo alikuwa anawafundisha bata kupanga mstari. Sitaki alime. Na sitaki Mama mkwe ashuke kaburini kimya kama mtu aliyekufa bila uzao. Nataka vyote viwili, na sioni haya.

Nimefikiri hivi. Raja akipiga ngoma kwa nguvu, Mchungaji ataandika shuleni, na Humala kwisha. Lakini sahani ikipelekwa kwa mkono wa Mchungaji mwenyewe — aliyebeba sahani ataishtakije ngoma? Nimemwambia Raja. Akasema nilishaliona. Nikamwambia basi usimfokee. Akasema, mke wangu, tangu Jumatatu koo langu limeota kutu.

Jumamosi, 17 Juni

Naandika nimesimama, karatasi juu ya gunia la mchele, maji hayajachemka. Nikisubiri jioni mkono utanikatalia.

Asubuhi Mchungaji alikuja na koti jeusi na watoto wa tarumbeta. Kaongoza sala, kahubiri. Alisema mwanamke huyu aliwapokea wageni kabla wageni hawajajua wamepotea. Hata Baba Pordi alifuta macho. Nyimbo mbili. Kisha watu wote wakaanza kutazama juu, kwenye mikeka.

Baba Pordi akasimama, akapaza sauti: "Mgeni akae mkekani apumzike! Wa kwetu aje jikoni, kuni zinaisha!"

Akatabasamu huku akitazama mbingu, kama si yeye aliyesema.

Mkeka wa wageni ulikuwa pale, mpya, na kikombe kimeshatiwa kahawa. Mchungaji aliutazama. Akatazama huku kwetu jikoni. Mkewe alikuwa anamenya, ile nguo begani, hakuinua kichwa. Hakumwita. Kisu kinakwenda tu.

Mchungaji akavua koti.

Nimeona! Akalikunja, akaliweka juu ya mkeka wa wageni, likakaa pale badala yake. Akaja na shati, akabeba mzigo wa kuni, mkubwa kupita kiasi kwa mtu asiyezoea, akautupa hapa miguuni kwangu. Hakuna aliyecheka. Wazee waliinamisha vichwa. Nikampa maji. Akasema, ahsante, dada. Dada! Mimi!

Ndipo Raja akateremka mwenyewe na sahani. Mchele, na majani ya tambuu juu yake, mikono miwili chini ya sahani. Raja wangu, ambaye hata Kontrolir humpa mkono mmoja! Akasimama mbele yake na kusema kwa sauti ndogo, ila mimi nilikuwa karibu:

"Shemeji. Hii ni ya mama. Ukiona vema, wapelekee wapigaji. Usipoona vema, iweke chini hapa. Sitasema neno. Nitamzika kwa tarumbeta zako na bado utakuwa shemeji yangu."

Humala amesimama kando ya jeneza, mkono juu ya ubao, shati lake la shule jeupe. Anamtazama Mchungaji. Wote wanamtazama.

Mchungaji akasema jambo. Akasema: wimbo huu unamwita nani, Raja? Niambie kweli.

Raja akafikiri. Akasema: "Unatuita sisi. Tuje tuseme kwamba aliishi."

Ameipokea sahani. Iko mikononi mwake sasa hivi, namwona kupitia ubao wa jikoni uliopasuka. Sahani inainama, punje zinadondoka, kuku wamemzunguka. Amekwenda mpaka kwenye ngazi ya kibaraza. Ameinama mapema, kichwa hakijagonga. Mguu mmoja kwenye kidato cha kwanza. Midomo inacheza — anasali, au anahesabu vidato, sijui. Mkubwa wa wapigaji ameondoa mkeka, fimbo ameshika, hajazishusha. Bibi Velten ameacha kumenya.

Hapandi. Hashuki.

Maji yanachemka, wananiita. Mama, wewe uliyetufunga wote kwa nguo moja, huko ulikofika wasalimu wote, msalimu na kile kitoto cha kiume cha Velten, mwambie mama yake yuko kwetu. Nasi tupe neno, Mama, upesi, kabla huu mguu haujaamua wenyewe.